Paul Harris alianzisha nini hasa usiku ule Chicago?

Ukiuliza ni nani aliyeanzisha Rotary, mtandao wa klabu za wafanyabiashara na wataalamu ulioenea duniani, jibu huja haraka: Paul Harris, wakili wa Chicago, tarehe 23 Februari 1905. Ukiuliza aliianzisha kwa ajili gani, wengi watakuambia ni kwa ajili ya kuihudumia jamii. Jibu la kwanza ni sahihi, ingawa lina kona zake. La pili si sahihi. Usiku ule haikuanzishwa huduma yoyote kwa maskini wala wagonjwa. Wanaume wanne walikaa katika chumba cha ofisi wakazungumzia urafiki na biashara, na kwa zaidi ya mwaka mzima klabu yao haikuwa na shabaha nyingine.

Kisa hiki kinanivutia kwa sababu hiyo hiyo. Tumezoea waasisi wanaoanza na uchungu: mtu kaona yatima, kaona mgonjwa, roho ikamsuta, akafungua shirika. Kwa Harris mpangilio ni mwingine kabisa. Klabu ilitangulia, huduma ikaja nyuma, na kwa kiasi kikubwa ililetwa na watu ambao hawatajwi sana. Kuelewa ilikuwaje, inabidi turudi hadi kwenye treni moja ya usiku.

Mtoto wa Wallingford

Harris alizaliwa tarehe 19 Aprili 1868 huko Racine, mji wa jimbo la Wisconsin kando ya Ziwa Michigan. Baba yake, George, alikuwa na duka la dawa. Yeye na mkewe Cornelia walikuwa watu wa matumizi kuliko mapato, na duka likawafia mikononi. Mwaka 1871 George aliwachukua wanawe wawili, Cecil aliyekuwa na miaka 5 na Paul wa miaka 3, akasafiri nao kwa treni hadi Wallingford, kijiji cha jimbo la Vermont, akawaacha kwa wazazi wake. Walifika usiku. Harris aliukumbuka usiku ule hadi uzeeni: giza, kituo cha treni, na mzee aliyekuja kuwapokea, ambaye tangu hapo ndiye angekuwa mzazi wake. Mara moja moja wazazi walijaribu kuisimamisha tena nyumba yao na kumchukua. Kila mara ilishindikana, naye akarudi kwa babu.

Babu Howard alikuwa mtu wa maneno machache, wa kazi na wa kubana matumizi. Bibi Pamela alikuwa na umbo dogo, lakini nyumba ilisimama kwake. Nje ya nyumba ile kulikuwa na kijiji ambacho kila mtu alimjua mwenzake, jina lake, shamba lake na ng'ombe wake. Mtoto aliyeachwa na wazazi akiwa na miaka 3 alilelewa na kijiji kizima, na sioni namna ya kueleza alichokuja kufanya Chicago bila kuanzia hapo.

Usidhani alikuwa mtoto wa adabu. Utundu wake ulijulikana kote kijijini, na mwaka 1886 Chuo Kikuu cha Vermont kilimfukuza pamoja na wenzake wachache kwa utovu wa nidhamu. Alishikilia kwamba alionewa. Akaenda Princeton, lakini babu yake alipofariki mwaka 1888 masomo hayo nayo yakakatika. Hatimaye alihitimu sheria Chuo Kikuu cha Iowa mwaka 1891.

Wakati wa kuhitimu, mzungumzaji mmoja aliwashauri mawakili wale wapya waanzie mji mdogo, wafanye upumbavu wao huko kwa miaka mitano, kisha ndipo waende mji mkubwa kutafuta maisha. Wenzake huenda walicheka wakasahau. Harris aliuchukua ushauri jinsi ulivyo, isipokuwa badala ya mji mdogo mmoja alichagua nchi nzima. Alikuwa mwandishi wa gazeti San Francisco, akachuma matunda, akafungasha zabibu kavu Fresno, akafundisha katika chuo cha biashara Los Angeles, akaigiza jukwaani Denver, akachunga ng'ombe kwa farasi, akawa karani wa zamu ya usiku katika hoteli ya Jacksonville, akauza marumaru kwa niaba ya tajiri mmoja wa huko huko Florida. Alivuka bahari hadi Uingereza katika meli ya kusafirisha ng'ombe, akiwalisha wanyama ili apate nauli. Miaka mitano ilipotimia, mwaka 1896, alifika Chicago, akafungua ofisi ya uwakili na kutulia. Watu wa biashara za kila namna alikuwa ameshawajua kwa kufanya kazi nao. Marafiki wa kudumu hakuwa nao, kwa kuwa kila alipowapata aliondoka.

Upweke wa Jumapili

Chicago ya mwaka 1900 ilikuwa na watu karibu milioni 1.7, wengi wao wakiwa wamehamia kutoka ng'ambo au vijijini. Jiji lilikuwa limeungua mwaka 1871, mwaka ule ule Harris alipopelekwa Vermont, likajengwa upya kwa kasi ya kutisha. Siku za kazi zilipita. Jumapili na sikukuu ndizo zilizomtesa. Wateja alikuwa nao, na fedha zilianza kuingia, lakini wateja wakishalipa hurudi kwao.

Jioni moja ya mwaka huo wa 1900 wakili mwenzake aitwaye Bob Frank alimkaribisha chakula nyumbani kwake Rogers Park, pembezoni mwa jiji. Baada ya kula walitoka kutembea. Frank alipita duka hadi duka, akisalimiana na wenye maduka kwa majina, akimtambulisha mgeni wake. Harris alijiona yuko Wallingford tena. Wale walikuwa wafanyabiashara wanaofanya kazi na Frank, na papo hapo walikuwa marafiki zake. Akajiuliza kwa nini mtu asiweze kuwa na kijiji cha namna hiyo katikati ya jiji: mtu mmoja kutoka kila biashara, kama kijiji kinavyokuwa na mhunzi mmoja na daktari mmoja.

Hakukimbilia kufanya kitu. Wazo lile alikaa nalo karibu miaka mitano, na waandishi wa maisha ya waasisi huipita haraka miaka hiyo kwa kuwa haina tukio. Mimi naiona ina maana kubwa. Mtu mwenye haraka angeunda chama kesho yake, akakijaza mawakili.

Chumba namba 711

Tarehe 23 Februari 1905 Harris alikula chakula cha jioni na Silvester Schiele, mfanyabiashara wa makaa ya mawe, katika mgahawa wa Kiitaliano wa Madame Galli. Kisha wakatembea hadi jengo la Unity, mtaa wa Dearborn, kwenye ofisi ya Gustavus Loehr, mhandisi wa migodi. Huko alikuwapo pia Hiram Shorey, fundi wa suti. Chumba kilikuwa namba 711. Harris alieleza wazo lake, wenzake wakaliafiki, wakapanga kukutana tena.

Kanuni waliyoijenga ni rahisi, na ndiyo siri ya mambo yote yaliyofuata. Kila biashara ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu: wakili mmoja, muuza makaa mmoja, mshona suti mmoja, mchapaji mmoja. Hivyo hapakuwa na washindani chumbani, na kila mwanachama alikuwa mteja mtarajiwa wa wenzake wote. Walizungushana mikutano kutoka ofisi ya mmoja hadi ya mwingine, ili kila mtu aone mwenzake anafanya nini na anafanyaje. Kuzunguka huko ndiko kulikozaa jina la Rotary.

Biashara haikuwa jambo la pembeni. Klabu ilikuwa na mtakwimu, ofisa ambaye kazi yake ilikuwa kuweka kumbukumbu za nani kampa nani kazi: umenunua tani ngapi za makaa kwa fulani, umechapisha karatasi wapi, umepeleka kesi kwa nani. Wanachama walijaza taarifa hizo, nazo zikahesabiwa. Ilikuwa nipe nikupe ya wazi, yenye daftari.

Kwenye tafrija za kumbukumbu jambo hili hutajwa kwa sauti ya chini, kana kwamba ni aibu ya ukoo. Kwangu si aibu. Harris na wenzake hawakujifanya watakatifu. Walikuwa watu waliohama kutoka mashambani, wasio na ndugu mjini, wakitafuta mtu wa kumwamini katika soko lililojaa matapeli. Undugu ni kufaana, na walianza kufaana wao kwa wao kabla ya kumfaa mwingine yeyote.

Kona moja ya lile jibu la kwanza iko hapa. Harris hakuwa mwenyekiti wa kwanza. Kiti kilikwenda kwa Schiele, akafuatiwa na Al White, na Harris mwenyewe alishika uongozi mwaka 1907 akiwa wa tatu. Kati ya wale wanne wa usiku wa kwanza, Loehr na Shorey hawakukaa sana, wakaondoka. Harry Ruggles, mchapaji, ambaye mara nyingi huitwa mtu wa tano, alichangia uhai wa klabu kuliko wawili hao. Ndiye aliyeleta wanachama wengi wa mwanzo, na siku moja, mazungumzo yalipopoa, aliruka juu ya kiti akaanza kuimba. Kuimba mikutanoni kukawa desturi kwa miaka mingi.

Aliyekataa kuingia

Huduma yenyewe ilitoka wapi? Mtu wa kumtazama hapa si Harris, ni Donald Carter, wakili wa mambo ya hataza, yaani haki za uvumbuzi. Mwaka 1906 mwanachama aitwaye Frederick Tweed alimwalika ajiunge, akamwonyesha kanuni za klabu. Carter alizisoma. Zilikuwa na malengo mawili: kukuza biashara za wanachama, na kukuza urafiki kati yao. Akamrudishia karatasi, akisema hayuko tayari kuingia katika chama kisichomnufaisha mtu yeyote asiyekuwa mwanachama, na kwamba klabu ya namna hiyo haitadumu.

Tweed angeweza kununa. Badala yake alimwambia aingie basi, alete mabadiliko anayoyataka. Carter akaingia, na lengo la tatu likaongezwa mwaka huo huo: kuendeleza maslahi ya jiji la Chicago na kujenga moyo wa uraia kwa wakazi wake. Sentensi hiyo moja, iliyodaiwa na mtu aliyekataa mwaliko, ndiyo mlango ambao huduma za baadaye zilipitia.

Harris hakuipinga. Hapo ndipo namwona mwasisi kwa maana ya kweli: aliona wazo la mwenzake ni kubwa kuliko lake, akalibeba. Alipochukua uongozi mwaka 1907 alitafuta kazi ya kulitekeleza, na kazi iliyopatikana haikuwa ya kupigiwa picha. Ilikuwa vyoo.

Katikati ya Chicago hapakuwa na vyoo vya umma. Mwanamume aliyebanwa mjini aliingia baa, na kwa kuwa kuingia baa bila kununua ni fedheha, alinunua bia. Mwanamke aliingia duka kubwa mtaa wa State, akapita katikati ya bidhaa akienda na akirudi. Klabu ilipoanza kukusanya vyama vingine ili kudai vyoo kutoka halmashauri ya jiji, watengeneza bia walipinga wakisema baa za jiji zinatosha kabisa. Wenye maduka makubwa wakapinga pia, kwani wao tayari wanawahudumia kina mama. Pande mbili zilizokuwa na vyoo ndizo zilizopinga vyoo. Wafanyabiashara wa Rotary walilielewa hilo haraka kuliko mhubiri yeyote, kwa sababu wenyewe walikuwa wazoefu wa kuhesabu mteja anaingia dukani kwa sababu gani. Ilichukua kama miaka miwili ya barua na vikao. Mwaka 1909 vyoo vikapatikana karibu na makao ya halmashauri.

Kulea mwana

Waswahili husema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mlezi wa Rotary hakuwa Harris peke yake, na kwa sehemu kubwa hakuwa yeye kabisa.

Yeye alitaka klabu ienee miji mingine. Wanachama wengi wa Chicago hawakutaka. Walikuwa na chakula chao cha mchana, nyimbo zao na wateja wao. San Francisco iliwahusu nini? Mfanyabiashara Manuel Muñoz, aliyefahamiana na Harris, alipokwenda San Francisco kwa safari za kikazi alimsimulia habari hizo wakili Homer Wood, na mwezi Novemba 1908 klabu ya pili ikazaliwa huko. Mvutano nyumbani ulizidi, na Harris akaachia uongozi wa klabu aliyoianzisha mwenyewe. Klabu nyingine zilikuja mfululizo: Oakland, Seattle, Los Angeles, New York, Boston.

Klabu zilipofika 16, mwezi Agosti 1910, zilikutana Chicago zikaunda chama cha kitaifa. Harris akawa rais wake. Katibu mkuu akawa Chesley Perry, aliyewahi kufanya kazi katika maktaba ya umma ya jiji. Mwanzoni Perry alikuwa miongoni mwa waliotilia shaka wazo la kupanuka, kisha akageuka akawa mhimili wake. Alikaa katika ukatibu hadi mwaka 1942. Miaka 32. Barua, katiba, mahesabu, jarida, usajili wa klabu mpya, vyote vilipita mezani kwake. Harris mwenyewe alikiri kwamba kama yeye anastahili kuitwa msanifu wa Rotary, Perry anastahili vile vile kuitwa mjenzi.

Hata kauli mbiu zilitoka kwa wengine. Wazo la kwamba anayepata faida zaidi ni yule anayehudumia vizuri zaidi lilikuwa la Arthur Frederick Sheldon, mwalimu wa ufundi wa kuuza bidhaa, na wazo la kuweka huduma mbele ya nafsi lilitoka kwa Frank Collins wa Minneapolis. Yote mawili yalivuma katika mkutano wa mwaka 1911. Ukiyasoma pamoja unauona mgogoro wa ndani uliokuwa haujaisha: la kwanza bado linazungumza lugha ya faida, la pili limeshaiacha.

Mwaka 1912, klabu ya Winnipeg nchini Kanada na za Uingereza na Ireland zikiwa zimeingia, chama kilikuwa cha kimataifa. Harris akamaliza urais, afya yake ikiwa imetetereka, akapewa cheo cha heshima cha kudumu. Alikuwa na miaka 44. Tangu hapo hadi kifo chake hakukiendesha chama tena. Alirudi kwenye kesi zake na kwenye nyumba aliyoishi na mkewe huko Morgan Park, kusini mwa Chicago. Miaka ya baadaye alisafiri mabara mbalimbali akipanda miti ya urafiki katika miji yenye klabu. Uamuzi wa nini kifanyike ulikuwa kwa wengine, na chama kiliendelea kukua, kikafika Nairobi mwaka 1930.

Jean, na mlango uliofungwa

Mkewe alikuwa Jean Thomson, Mskoti kutoka Edinburgh. Walikutana katika matembezi ya chama cha wapenda maumbile. Harris alichana koti lake kwenye uzio wa seng'enge, Jean akajitolea kulishona, na mwaka 1910 wakaoana. Hawakujaliwa watoto. Nyumba yao waliiita Comely Bank, jina la mtaa wa utotoni mwa Jean.

Jean alisafiri na mumewe, alikaa meza kuu, alipokea wageni wa Rotary nyumbani kwake kwa miaka mingi. Kuwa mwanachama hakuweza, kwa kuwa alikuwa mwanamke. Kanuni ile ya mtu mmoja kwa kila biashara iliandikwa na wanaume kwa ajili ya wanaume, na ilidumu muda mrefu kuliko maisha ya wote wawili. Klabu ya Duarte, California, ilipoingiza wanawake watatu miaka ya 1970, ilifukuzwa mwaka 1978. Wanachama wake wakaendelea kukutana wakijiita klabu ya zamani ya Rotary, wakaenda mahakamani. Tarehe 4 Mei 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwapa haki, na mwaka huo huo Sylvia Whitlock, mwalimu mkuu wa shule, akawa rais wa klabu ya Duarte. Miaka miwili baadaye chama chenyewe kikaifuta kanuni ya wanaume pekee duniani kote. Hapa pia mabadiliko yalisukumwa na watu waliokuwa nje ya mlango, kama Carter mwaka 1906.

Fedha zilikuja baada ya maziko

Bado kuna jambo linalochanganya wengi: ule mfuko mkubwa wa Rotary unaolipia miradi. Huo nao si kazi ya Harris. Ulipendekezwa mwaka 1917 na Arch Klumph, rais wa wakati huo, na mchango wake wa kwanza ulikuwa dola 26.50 kutoka klabu ya Kansas City. Miaka 11 baadaye ulikuwa na dola elfu tano na kidogo. Hakuna aliyeujali sana.

Harris alifariki tarehe 27 Januari 1947, akiwa na miaka 78. Alikuwa ameomba asiletewe maua, na wenye kutaka kumkumbuka watoe mchango. Katika miezi 18 iliyofuata mfuko ulipokea zaidi ya dola milioni 1. Mwaka huo huo wanafunzi 18 walipelekwa kusoma nje ya nchi zao, na fedha za mfuko huo ndizo zilizokuja kusaidia chanjo ya polio, kuanzia kwa watoto wa Ufilipino mwaka 1979 hadi kampeni ya dunia nzima iliyozinduliwa mwaka 1985. Harris hakuwahi kuzungumzia polio kama kazi ya Rotary, na asingeweza: chanjo yenyewe haikuwapo alipokuwa hai.

Jean alirudi Edinburgh, akafariki mwaka 1963 na kuzikwa huko. Harris yuko makaburi ya Mount Hope, Chicago. Jirani ya kaburi lake yupo Silvester Schiele, yule muuza makaa aliyekula naye jioni ile kabla ya kwenda chumba namba 711.